Maswali ya wasomaji: Wekundu kwenye tangi la maji chumvi

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi nipo Tabata, nina tangi la lita 200 la maji chumvi, samaki wanne na matumbawe laini kidogo, limefikisha miezi saba. Tangu mvua za masika zianze mchanga umeshikwa na utando mwekundu kama damu iliyoganda, jioni unajaa vipovu, asubuhi nakuta umepungua nusu nashukuru Mungu, ikifika saa nane mchana umerudi wote. Nimeshaufyonza mara tatu. Naitreti (ile inayotokana na uchafu wa samaki) nimepima ni sifuri kabisa kwa hiyo maji sio machafu. Maji nachota mwenyewe baharini karibu na Daraja la Selander maana ndo njia ya kutoka kazini. Jamaa kaniambia niponde vidonge vya erithromaisini nimwage humo. Nifanye?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimwage, tafadhali, ngoja kwanza tuelewane.

Hicho ulichonacho sio mwani. Ni bakteria, wanaitwa sayanobakteria, wanaishi kwa mwanga kama mmea na rangi yao nyekundu ni ileile inayopatikana kwenye mwani mwekundu wa kweli ndo maana watu wengi wanachanganya. Dalili zako zote ni zao, utando laini unaobanduka kama ngozi ya maziwa, vipovu vya oksijeni jioni baada ya kushinda kwenye taa, halafu usiku unanywea. Ukiunusa kidoleni una harufu mbaya, mwani hauna harufu ile.

Sasa hiyo sifuri yako ndo imenishtua. Naitreti kuwa sifuri kwenye tangi lenye samaki wanne wanaokula kila siku maana yake kuna kitu kinaimeza kabla kipimo hakijaiona, na zaidi ya hapo baadhi ya hawa sayano wanaweza kuchukua naitrojeni iliyoyeyuka kutoka hewani wakaitumia wenyewe, mwani wa kweli hauwezi, matumbawe yako nayo yanabaki na njaa. Wanachohitaji zaidi ni fosfeti, ile inayowalisha kama mbolea, na wewe hujaniambia umepima fosfeti. Pima hiyo leo. Mimi tangi langu naliacha naitreti kwenye miligramu 5 mpaka 10 kwa lita na fosfeti isizidi 0.1, sikimbilii sifuri hata siku moja.

Na fosfeti inatoka wapi, mdogo wangu, wewe unaichota kwa dumu! Pale Selander ndo mdomo wa mto Msimbazi. Mto umepita Vingunguti, umepita Jangwani, masika inasomba vyoo na takataka zote za mjini unakuja kuzimwaga palepale unapozamisha dumu lako. Nakuambia kwa uchungu kwa sababu umehangaika kufyonza mara tatu na kila mara umerudisha mbolea kwa mkono wako mwenyewe. Kama lazima uchote baharini nenda Kigamboni upande wa bahari kuu, maji yakiwa yamejaa, zipite siku tatu nne bila mvua. Ukiweza zaidi ya hapo nunua chumvi ya akwariamu uchanganye na maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine mpaka chumvi karibu yote ikatoka, gharama ni kubwa lakini unajua unaweka nini. Na yale yanayopungua kwa joto letu hili la Dar usijazie ya bomba wala ya kisima, visima vyetu vingi vina chumvichumvi na vyoo viko jirani, jazia RO tupu isiyo na chumvi.

Kufyonza endelea ila badilisha saa. Fyonza saa tisa mchana utando ukiwa umejaa, hapo unanyanyuka vipande vikubwa kwa mpira mwembamba, toa ndoo moja ya lita 20 kila wiki na urudishe safi. Pampu ya mawimbi igeuze ipige pale utando unapoanzia maana hawa wanapenda maji yaliyolala, na kila umeme ukikatika uchafu unatua palepale. Taa masaa nane kwa siku yanatosha. Chakula punguza, cha barafu kisuuze kwanza kwenye chujio. Baada ya wiki mbili za hivyo kama bado wapo, zima taa ufunike tangi kwa kanga nzito siku tatu kamili, matumbawe laini yanavumilia.

Kuhusu erithromaisini, inawaua kweli. Miaka ya nyuma niliweka nikalala, utando wote ukafa kwa pamoja ukala oksijeni ya tangi, saa nane usiku naamka samaki wako juu wanahema na wawili sikuwawahi. Dawa za binadamu za kuua bakteria sio za kumwaga ovyo, zinajenga usugu, na chanzo kikiwa bado kwenye dumu lako watarudi tu.

SWALI: Kaka mimi nipo Mikocheni, wangu sio utando, ni vichaka vyekundu vigumu juu ya jiwe, nikivuta vinakatika mizizi inabaki. Ulikuja na jiwe nililonunua. Nimeambiwa nitie samaki tasi atamaliza.

JIBU: Dada yangu huo wako ndo mwani mwekundu wa kweli, kundi moja na ule wanaolima akina mama wa Paje kule Zanzibar. Na wakulima wale ukiwauliza kuhusu tasi watakueleza anavyowamalizia mashamba, kwa hiyo aliyekushauri hajakosea kabisa. Shida tasi anakua mkubwa, miiba yake ina sumu na mwani ukimwishia anaweza kuanza kudonoa matumbawe, kwa tangi la nyumbani simshauri.

Litoe jiwe lote nje. Usisugue ndani ya tangi hata kidogo, kila kipande kinachokatika kikielea kinaenda kuota kwingine. Litie kwenye ndoo yenye maji ya tangi, ng'oa kwa kibano, sugua kwa mswaki mpya, litoe kwenye maji udondoshee haidrojeni peroksaidi ya 3% ya duka la dawa pale penye mizizi tu, subiri dakika tatu hivi, suuza kwa maji mengine ya tangi ndo urudishe. Kama kuna tumbawe juu ya jiwe lisiguswe na ile dawa. Rudia kila wiki, huu unachukua miezi sio siku. Konokono wa kula mwani wanasaidia kwenye machipukizi laini, kichaka kikubwa wanakipita tu. Ila hao konokono usiende kuwaokota kwenye visiwa vya Bongoyo wala Mbudya, kule ni hifadhi, hata jiwe haliruhusiwi kutoka.

SWALI: Kioo changu kina madoa ya pinki magumu kama chokaa, nimekwangua mpaka mkono unauma. Niweke nini yaishe? Mbagala.

JIBU: Acha kukwangua! Huo nao ni mwani mwekundu lakini ni wa heri, unajenga ngozi ya chokaa juu ya mawe na kuyashikamanisha, na ukiota vizuri ujue kalisiamu na magnesiamu yako iko sawa. Kwangua kioo cha mbele tu uone samaki wako, kwa wembe kama ni kioo, kwa kadi ya plastiki kama ni akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo. Nyuma na pembeni uachie uenee.