Bikari, guni na mwendesha kiwanda cha magodoro

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimepata meseji kwamba nimeteuliwa kujiunga na Frimasoni. Wanataka shilingi 150,000 za fomu na pete, ndipo nifundishwe siri wanazotumia wakubwa kupata vyeo. Rafiki yangu anasema vigogo wote wamo. Kweli ipo elimu ya siri inayompa mtu madaraka?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yangu alikuwa mwashi, na utotoni mimi ndiye niliyembebea bikari ya kuchorea duara na guni ya kupimia pembe, kwa hiyo alama hizo za Frimasoni hazinitishi. Walizichukua kwa waashi wa mawe wa Ulaya. Hata ngazi zao tatu ni za ufundi: mwanagenzi, fundi, fundi mkuu. Chama chao kikuu cha kwanza kiliundwa London mwaka 1717. Viapo vyao na namna ya kupeana mikono vikachapishwa humo humo London mwaka 1730, vikauzwa hadharani. Yeyote angeweza kusoma, na uwaziri haukumfuata.

Ila rafiki yako usimcheke sana. Machi 1981 huko Italia, wapelelezi waliokuwa wakifuatilia mambo ya Michele Sindona, mtu wa mabenki, walipekua ofisi ya Licio Gelli karibu na Arezzo. Gelli alipata kuendesha kiwanda cha magodoro. Magodoro, mwanangu! Wakakuta orodha ya majina 962 ya watu wa P2, tawi la siri la Frimasoni alilokuwa akiliongoza Gelli: mawaziri, majenerali, wakuu wa usalama wa taifa, na Silvio Berlusconi, waziri mkuu wa baadaye, ambaye wakati huo alikuwa mfanyabiashara tu. Mei serikali ya waziri mkuu Arnaldo Forlani ikajiuzulu, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku vyama vya siri.

Kilichokuwa kikifanya kazi pale ni kujuana. Jenerali anafahamiana na mwenye benki, mwenye benki na mhariri, na uzi wote uko mkononi mwa Gelli. Kiapo kilifunga midomo, basi. Tena watu wale walifuatwa kwa kuwa vyeo walikuwa navyo tayari. Wewe unaambiwa uingie ndipo upate.

Kama pesa hujatuma, usitume. Kama umetuma, meseji usiifute. Nenda nayo polisi pamoja na risiti ya muamala. Na huyo rafiki yako, muulize kwa upole namba yako waliipata wapi.