Kabla ya kupima nyumba moja, gonga mlango wa jirani

Nyie mnaoanza kazi ya kukagua nyumba za zamani hapa London, haitapita wiki hamjapewa nyumba pacha: mbili zilizoshikana kwa ukuta wa kati, za miaka ya 1880 au 1890, Malkia Victoria akiwa bado hai. Mteja atawapa ufunguo wa moja tu. Msiingie kwanza. Vukeni barabara, mzitazame zote mbili kwa pamoja.

Zilijengwa zifanane kama mtu na sura yake kwenye kioo, kwa hiyo kilichong'olewa huku huenda kule bado kipo. Huku mtaona madirisha ya plastiki. Kule yale ya mbao ya kupandisha na kushusha, yenye kamba na vyuma vya uzito vilivyofichwa ndani ya fremu. Vipimo vya kurudishia dirisha mtavipata hapo. Mkitaka kuzoeza macho, nendeni Bedford Park, magharibi ya jiji, mtaa ulioanza kujengwa 1875 na ambao msanifu majengo Norman Shaw aliuchorea baadhi ya nyumba zake: matofali mekundu, vigae vilivyotundikwa hadi ukutani, mbao za rangi nyeupe.

Kisha inueni macho kwenye dohani. Vile vyungu vya udongo vya juu vihesabuni, kwa kawaida kila kimoja kina meko yake chini. Ukihesabu vinne vya nyumba hiyo, ndani ukakuta meko mawili, uliza mengine yalikwenda wapi. Wapo waliobomoa kifua cha meko, yaani ule ukuta uliotokeza kuzunguka meko, sebuleni kupata nafasi ya televisheni, matofali ya juu wakayaacha yananing'inia. Na mara nyingi dohani hiyo imekalia ukuta wa kati, ambao ni mali ya watu wawili. Kwa sheria ya 1996, kazi nyingi za kuugusa zinataka jirani apewe taarifa ya maandishi miezi 2 kabla.

Ukuta wa nje usomeni kwa matofali: moja limelala kwa ubavu, linalofuata limeonyesha kichwa. Mpango huo kwa kawaida maana yake ukuta ni mzima, unene wake sawa na urefu wa tofali moja, kama sentimita 23, hauna uwazi katikati. Unyevu unaoingia hutakiwa utoke kwenye viungo vya chokaa.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta ukuta wa sebule umelowa, nikaandika kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, wauchome dawa ya kuzuia unyevu. Fundi mmoja mzee alichuchumaa nje, akakwaruza kiungo kwa ufunguo. Haukuacha hata alama. Saruji! Mtu alikuwa ameziba viungo vyote kwa saruji, maji yakakosa pa kutokea ila kwenye tofali lenyewe, na baridi ya Januari ikalibandua uso. Akaniwekea vipande viganjani, vyekundu, laini kama biskuti iliyolowa. Nilijisikia mjinga, maana mimi ni mtu wa Unguja, na nyumba za mawe za Mji Mkongwe nimeziona zikibanduka hivyo hivyo baada ya kupigwa lipu ya saruji juu ya chokaa.

"Umeangalia kwa jirani?" akaniuliza. Sikuwa nimeangalia. Tukagonga, mama mwenye nyumba akatufungulia. Viungo vyake vilikuwa vya chokaa ile ile ya kwanza, na ukuta wa sebule yake mkavu kabisa.