Majibu ya homa ya ini C yakija chanya, uliza ni kipimo gani

Ukipima homa ya ini C ukaambiwa majibu ni chanya, uliza kwanza umepimwa nini. Mara nyingi kipimo cha mwanzo ni cha kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi. Hicho kinaonyesha kwamba kirusi kiliwahi kuingia mwilini mwako, basi. Kama bado kimo, utajua kwa kipimo cha RNA, kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu. Usikubali kurudi nyumbani na jibu la kwanza peke yake.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mimi niliugua, nikatibiwa, nikapona, na kingamwili zangu bado ni chanya. Kuna muuguzi aliyeitazama karatasi yangu akanyamaza, kisha akaniambia kwa huruma kwamba dawa hazikunisaidia. Nikampa karatasi ya pili, ile ya RNA, iliyoandikwa kwamba kirusi hakikuonekana. Tangu hapo kila niendapo hospitali nabeba zote mbili, na wewe ukipona fanya hivyo hivyo.

Watu wengi huniuliza: kama kingamwili zimebaki, si ndiyo kinga yenyewe hiyo? Kwa surua, ndiyo. Kwa homa ya ini C, hapana, na watafiti wameeleza vizuri kwa nini. Kirusi hiki hujinakili kwa kasi kubwa mno, na kimeng'enya kinachokinakili hakisahihishi makosa yake. Kwa hiyo kila siku huzaliwa virusi vyenye tofauti ndogo ndogo, hasa kwenye protini za ganda la nje ambazo kingamwili huzishika. Mwili ukishatengeneza kingamwili ya umbo la leo, tayari kuna umbo jingine. Tena, ndani ya seli ya ini, kirusi hukata protini iitwayo MAVS, ambayo kazi yake ni kupeleka taarifa ili seli itoe interferoni, protini ya kuamsha ulinzi dhidi ya virusi. Taarifa ikikatika, seli haipigi kelele inavyopaswa. Na maambukizi yakidumu, seli T zinazopaswa kuua seli zilizoambukizwa huchoka. Zipo, lakini nguvu zimekwisha.

Hata hivyo, takriban watu 30 kati ya 100 hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi 6, bila dawa yoyote. Wengi wao huwa na seli T zenye nguvu, zinazoshambulia sehemu nyingi za kirusi kwa pamoja bila kulegea. Mwaka 2009 watafiti walionyesha pia kwamba tofauti za kurithi karibu na jeni ya IL28B, inayohusika na kutengeneza aina moja ya interferoni, huchangia nani apone hivyo.

Hapa nakusihi, ndugu yangu, unisikilize. Ukikutana na mtu anayeapa kwamba majani fulani yalimponya homa ya ini C, huenda hasemi uongo. Huenda ni mmoja wa wale 30, angepona hata kwa maji matupu. Wewe ukiyanywa majani hayo mwaka mzima huku ukiwa miongoni mwa wale 70, kirusi kinaendelea kulitia ini makovu kimyakimya, bila maumivu ya kukushtua.

Na dawa zipo. Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo ugonjwa uliitwa tu homa ya ini isiyo A wala B. Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Zamani tiba ilikuwa sindano za interferoni, hadi wiki 48, zenye madhara mazito. Siku hizi ni vidonge, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa hupona. Kabla ya kuanza, hakikisha umepimwa pia homa ya ini B, kwani ikiwa imejificha inaweza kuamka kirusi C kinapoondoka. Ukimaliza vidonge, subiri wiki 12 upime RNA tena. Ikikosekana hapo, umepona.

Chanjo bado hakuna. Matokeo ya jaribio moja kubwa, yaliyotangazwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba chanjo iliamsha seli T lakini haikuzuia maambukizi sugu. Kwa hiyo aliyepona anaweza kuambukizwa upya: usichangie sindano wala wembe na mtu yeyote, na ukihisi umejiweka hatarini pima RNA moja kwa moja, maana kingamwili haitakuambia kitu kipya.

Kama makovu ya ini yalikuwa yamefikia hatua ya sirosisi kabla ya dawa, endelea na ultrasaundi kila baada ya miezi 6 hata baada ya kupona. Hatari ya saratani ya ini hupungua, lakini haiishi.