Subjuntivo ya Kihispania kwa anayeijua "nataka uje"

Mwenzangu unayeanza Kihispania, ukisikia wanafunzi wanailalamikia subjuntivo, yaani umbo la kitenzi la matakwa, makatazo, shaka na hisia, usiingiwe na hofu. Umeizungumza tangu utotoni. Unaposema "nataka uje", ile e ya mwisho ndiyo yenyewe: quiero que vengas. Ukitaka kwenda wewe mwenyewe unasema "nataka kwenda", quiero ir. Ukitaka aende mwingine, "nataka aende", quiero que vaya. Makatazo nayo ni vilevile: njoo ni ven, lakini usije ni no vengas. "Ili asome" ni para que lea. Mimi nilikariri orodha za vitenzi miezi mingi kabla sijauona ulinganifu huu, na natamani ningeonyeshwa siku ya kwanza.

Lakini e hiyohiyo iliniponza. Kwa kuwa come (anakula) inaishia na e, nilipotaka kusema "nataka ale" sikio langu liliipitisha bila wasiwasi: quiero que come. Kosa! Kihispania hupindua irabu: vitenzi vinavyoishia na -ar huchukua e (habla, anazungumza, huwa hable), vya -er na -ir huchukua a (come huwa coma; vive, anaishi, huwa viva). Chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo, ondoa o, kisha weka irabu hiyo ya kinyume: tengo (nina) huwa tenga, hago (nafanya) huwa haga. Vitenzi sita ni kaidi, vikariri tu: sea (ya ser), vaya (ya ir), sepa (ya saber), haya (ya haber), dé (ya dar), esté (ya estar).

Pagumu ni pale ambapo Kiswahili hakikupi dalili yoyote. "Nadhani anakuja" na "sidhani kama anakuja": kwetu anakuja haibadiliki. Kwao ni creo que viene, lakini no creo que venga, kwa sababu ukikanusha unaacha kudai kwamba jambo lipo. Hisia ndizo zilizonisumbua kuliko yote. Me alegra que estés aquí, nafurahi kwamba upo hapa. Mtu yuko mbele yako, shaka iko wapi? Haipo. Ila humpi mtu habari kwamba yupo. Unaeleza kuwapo kwake kunavyokugusa, na hilo linatosha kuleta subjuntivo.

Ojalá utaipenda. Imetoka kwenye Kiarabu cha Andalusia, yenye maana ya "Mungu akipenda", ni jamaa ya inshallah yetu. Baada yake ni subjuntivo daima: ojalá llueva, Mungu ajalie mvua inyeshe.

Kisha kuna cuando, ambayo -ki- yetu inaifunika. "Nikifika nyumbani huwa nakula" ni cuando llego a casa, como. "Ukifika nyumbani nipigie" ni cuando llegues a casa, llámame. Ukisita, badilisha -ki- kwanza. Ikikubali "ninapofika", tumia llego. Ikikubali "utakapofika", safari bado haijafanyika, basi andika llegues.