Maswali ya Wasomaji: Trekta Jipya na Bei ya Haki

Nalima mahindi na alizeti Kongwa. Nina shilingi milioni 70 taslimu. Wakala wa Dodoma amenipa proforma (karatasi ya bei kabla ya kununua) ya milioni 74: trekta la nguvu za farasi 75, la kuvuta magurudumu mawili, pamoja na plau ya sahani tatu. Wakala wa Dar es Salaam ana trekta hilo hilo kwa milioni 67. Wa Dodoma anasema bei imepangwa na kampuni na haishuki. Nimbane vipi?

Usimbane kwanza. Bei hizo mbili hazilingani, na muuzaji mzoefu atakuonyesha hivyo kwa dakika moja, kisha utakuwa umepoteza nguvu ya kusema. Zilinganishe kwanza wewe mwenyewe, kwa swali moja: trekta likiwa limesimama shambani kwangu, tayari kulima, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi?

Chukua ile ya Dar. Tuseme plau ni milioni 7.5, lori la kulifikisha Kongwa milioni 1.8, vyuma vya uzito vya mbele laki 9, na sevisi ya kwanza pamoja na posho na nauli ya fundi laki 8. Milioni 67 imeshakuwa 78. Ya Dodoma plau imo tayari. Ongeza usafiri laki 5, vyuma laki 9 na sevisi laki 5, inafika milioni 75.9. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako, lakini mara nyingi hesabu ndivyo inavyogeuka: bei iliyoonekana ndogo ndiyo kubwa.

Hesabu hiyo ndiyo silaha yako. Waandikie mawakala wote wawili, na wa tatu ukimpata, barua moja yenye maelezo yale yale: modeli kamili, mwaka wa kutengenezwa, saizi ya tairi za nyuma, plau ya sahani ngapi na za inchi ngapi, uzito wa plau kwa kilo, vyuma vya mbele vipande vingapi, usafiri hadi kijijini, usajili na kadi, sevisi ya kwanza, mafunzo ya dereva. Omba kila kimoja kiandikiwe bei yake. Proforma yenye mstari mmoja, "trekta na vifaa vyake", irudishe.

Uzito wa plau usiudharau. Plau mbili zinaweza kuwa na sahani tatu kila moja, ila moja fremu yake ni nyepesi na itapinda kwenye udongo mgumu wa Kongwa. Akikupunguzia bei kwa kukubadilishia plau, hajakupunguzia kitu.

Sasa hilo la "bei ya kampuni". Linaweza kuwa kweli kwa trekta lenyewe, maana mwagizaji humwekea wakala bei elekezi na kijana wa mauzo hana mamlaka ya kuigusa. Muulize kwa heshima ni nani anayeidhinisha punguzo, kisha omba kuonana na huyo. Na ujue mahali penye nafasi: kwenye plau, haro, tela, usafiri na spea wakala hujipangia mwenyewe zaidi kuliko kwenye trekta. Meneja asiyeweza kushusha milioni 2 kwenye trekta anaweza kukupa vyuma vya mbele, filta za sevisi mbili na usafiri, na thamani yake ikakaribia hapo hapo.

Ukifika kwa meneja, usiulize "mtanipunguzia ngapi?" Swali hilo linampa yeye kalamu. Taja wewe: "Nahitaji vitu hivi vyote, vifike shambani, kwa milioni 70. Mkikubali, nalipa benki ndani ya siku tatu." Kisha nyamaza umwache apige hesabu. Taslimu iliyo tayari ina uzito mkubwa kwake, kwa sababu trekta lililokaa yadi linamla riba. Akishuka hadi 72 na kila kitu kimo, hiyo ni bei nzuri kwa mfano wetu. Pengo likibaki, toa plau kwenye mkataba ununue iliyotumika yenye fremu nzima. Usitoe sevisi wala vyuma.

Kagua pia kodi. Matrekta ya kilimo yamo kwenye orodha ya msamaha wa VAT katika Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014. Ukiona asilimia 18 imepandishwa kwenye mstari wa trekta, omba maelezo kwa maandishi kabla ya kuzungumzia punguzo lolote. Na bei iwe kwa shilingi: kanuni za 2025 zinakataza kupanga bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mwisho, usilipie akaunti ya mtu binafsi, na usiondoke bila risiti ya EFD yenye kiasi kamili.

Sisi ni kikundi cha wakulima wa mpunga, Ifakara. Kwenye maonyesho ya Nane Nane tuliambiwa ofa inaisha siku hiyo hiyo, tutoe arubuni ya milioni 5. Hatukutoa. Tumekosa bahati?

Hapana, na mmefanya vizuri. Punguzo la Nane Nane lipo kweli, ila wakala aliyeweza kuuza bei hiyo tarehe 8 Agosti anaweza kuiuza tena tarehe 20. Wakati wa kununua unajulikana: msimu ukiisha, mavuno yameuzwa, mvua ziko mbali na yadi zimejaa. Anayeingia dukani wingu likiwa limeshatanda halipi bei ya trekta tu, analipia na haraka yake.

Mkirudi, ombeni proforma yenye tarehe ya mwisho wa bei, angalau siku 14, na muulize ofa ile ilitoka kwa sababu gani. Mara nyingine ni trekta lililokaa. Tafuteni kibati cha chesi na msome mwaka. Kisha inameni kwenye tairi: nyingi zina tarakimu nne ndani ya duara refu dogo, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 1422 ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Mpira uliopigwa jua yadini miaka mitatu huwa na nyufa nyembamba karibu na rimu; pitisheni kucha, mtazihisi. Angalieni na mita inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Trekta jipya huwa na saa chache tu za kulihamisha. Likiwa na saa 60 limeshafanya maonyesho ya kulima, nalo halistahili bei ya jipya.

Trekta la hivyo si lazima mlikatae. Linaweza kuwa nafuu nzuri kikundi kikipata betri mpya, oili na filta zote kubadilishwa, na dhamana inayoanza kuhesabiwa siku ya kukabidhiwa. Hilo la dhamana liandikwe, maana isipotajwa tarehe mtu anaweza kuihesabu tangu trekta lilipotoka kwa mwagizaji.

Arubuni mkiamua kutoa, iwe ndogo, na kwenye karatasi yake yawemo namba ya chesi, tarehe ya kukabidhi, na sentensi kwamba fedha inarudi yote wakala akishindwa. Kwa majaruba yenu chukueni la kuvuta magurudumu manne. La mawili ni nafuu kununua, lakini kwenye tope litazama.

Nanunua kwa mkopo, Mbozi. Muuzaji anasema mteja wa mkopo hapati punguzo.

Benki ikishaidhinisha, wakala analipwa kwa mkupuo, kwake ni sawa na taslimu. Kwa hiyo maliza bei ya trekta kwanza, mkopo uje baadaye. Ukianza na "nitalipa kiasi gani kwa mwezi?", bei itafichwa ndani ya marejesho.

Uliza pia riba inapigwaje. Mkopo wa milioni 50 kwa miaka mitatu, riba asilimia 12 kwa mwaka: ikipigwa juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho, utalipa riba milioni 18. Ikipigwa juu ya salio linalopungua kila mwezi, ni karibu milioni 9.8. Tofauti hiyo ya milioni 8 inazidi punguzo lolote utakalopata kwa wakala. Omba marejesho yafuate mavuno, na ulizia bima kubwa kabla ya kusaini, kwa kuwa benki nyingi zitaidai.

Trekta langu linafika wiki ijayo, Kahama. Nikague nini kabla ya kulipa salio?

Bakiza angalau asilimia 10 hadi likabidhiwe shambani, si dukani, na hilo liwemo kwenye mkataba. Siku hiyo linganisha namba ya chesi na ya injini na karatasi. Liwashe likiwa baridi. Nyanyua plau, zima injini, subiri dakika 10: ikishuka haraka, haidroliki inavujisha ndani.

Kisha lima. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, endesha mizunguko 10 plau ikiwa juu, pima umbali. Rudia plau ikiwa ardhini. Kama ni mita 45 kwa 39, linateleza asilimia 13, ni sawa. Kama ni 45 kwa 37, ni karibu asilimia 18: unachoma dizeli na kula tairi bure. Mwambie wakala aongeze vyuma vya magurudumu ya nyuma au ajaze maji kwenye tairi papo hapo, na pua ya trekta ikinyanyuka plau ikiwa juu, aongeze vya mbele.

Sevisi ya kwanza mara nyingi ni ya saa 50 za injini, na zikipita bila kuifanya dhamana inaweza kukataliwa. Kwenye hati ya makabidhiano andika kwamba fundi atafika ndani ya siku saba tangu kuitwa, na posho, nauli, oili na filta ni juu ya wakala. Maneno "sevisi bure" peke yake huwa na maana ya kazi ya mikono tu, na mengine yote utatumiwa ankara.