Muulize Fundi: Kadi inapotea kila boti ikirudi kutoka Ukerewe

Mwezi huu maswali karibu yote yametoka kando ya Ziwa Victoria, na karibu yote yanahusu kompyuta ndogo za boksi ambazo siku hizi watu wanazifunga kwenye boti, kwenye vizimba vya samaki na kwenye vituo vya barafu. Nimechukua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu naona wengi wanaumia pale pale.

Mwangaluka fundi. Mi nafunga vifaa kwenye boti za kukusanya samaki hapa Igogo. Kuna boti moja nimeweka kompyuta ya boksi la aluminiamu isiyo na feni, ndani nimechomeka kadi ya Mini PCIe, ile ndogo ya kuongezea kompyuta kazi, yenye laini mbili za Ethaneti, yani za waya wa mtandao, kwa ajili ya kamera. Nchi kavu iko freshi kabisa. Boti ikienda Ukerewe ikirudi, kadi haionekani. Nikizima, nikaichomoa na kuirudisha, inakubali tena. Nimeshabadilisha kadi mara mbili, sasa nawaza kubadilisha boksi zima. Nakosea wapi? – Msomaji, Igogo

Mwangaluka kaka. Boksi usinunue kwanza. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye barua yako, ni hapo uliposema ukiichomoa na kuirudisha inakubali. Kadi iliyokufa haifufuki kwa kuchomolewa, kinachofufuka ni mguso. Yani pale ncha za dhahabu za kadi zinapogusana na meno ya sloti, yani tundu inamochomekwa, wewe ukichomoa na kuchomeka unakuwa umeisugua ile sehemu kidogo, ikasafishika, ikakupa siku mbili tatu za amani.

Ngoja nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka juzi niliitwa kuangalia boksi kama hilo kwenye boti moja ya abiria, nikafungua mfuniko nikakuta kadi ya Mini PCIe ambayo inatakiwa kushikwa na skrubu mbili ndogo upande wa nyuma, moja ipo na nyingine hakuna, mahali pake pamewekwa selotepu. Nikaitoa nikaiweka chini ya lenzi ya fundi simu. Kwenye zile ncha za dhahabu kulikuwa na mikwaruzo mifupi sana, mifupi kuliko upana wa unywele, na pembeni ya kila mkwaruzo unga mweusimweusi kama masizi. Ule unga ndio ugonjwa wenyewe. Injini ya dizeli inatetemesha boksi masaa matatu kwenda, matatu kurudi, kadi inacheza kidogo kidogo ndani ya sloti, dhahabu ambayo ni nyembamba mno inakwanguka, chini yake kuna madini mengine yanayoshika kutu, na ile kutu inakaa katikati ya mguso kama mchanga kwenye jino. Wala sio chumvi kama wengi wanavyodhani, maji ya ziwa letu ni baridi, chumvi ya bahari haipo hapa. Ni mtikisiko, na unyevu wa alfajiri unausaidia.

Na kwa nini kadi za zamani hazikuwa na shida hii sana? Kwa sababu ya spidi. Njia ya PCI ya mwaka 1992, ambayo kadi ziliongea nayo na kompyuta, ilitembea kwa megahezi 33, mguso ukiwa mbovu kidogo mara nyingi ishara inapita tu. Mrithi wake ni PCI Express, ndiyo hiyo PCIe ya kadi yako: kizazi cha 2 kinapitisha biti bilioni 5 kwa sekunde kwenye jozi moja ya waya, cha 3 ni bilioni 8, hapo mguso ukilegea kidogo tu ishara inachafuka. Uzuri ni kwamba mfumo wenyewe una akili, ukiona njia imechafuka unarudia kutuma, ukishindwa unashuka spidi, na kadi ya leni nne (leni ni njia moja ya data kati ya kadi na bodi) inaweza kushuka mpaka leni moja, mwisho kabisa ndio inapotea. Kwa hiyo kabla ya kupotea inakuwa imeshalalamika muda mrefu, sisi ndio hatusikilizi.

Kama unatumia Linux andika sudo lspci -vv uangalie mstari wa LnkCap, ambao ni uwezo, halafu LnkSta, ambao ni hali ya sasa hivi. Kama uwezo ni 5GT/s (spidi ya kizazi cha 2) na hali inasema 2.5GT/s (ya kizazi cha kwanza), angalia tena kadi ikiwa kwenye kazi, maana nyingine zinashusha spidi zenyewe zikipumzika ili kubana umeme. Ikiwa bado iko chini na kamera zote zinatuma, shuku mguso. Angalia pia dmesg, daftari la ujumbe wa Linux, kama kuna mistari ya AER, yani taarifa za makosa ya PCI Express, yenye neno Corrected. Mmoja mmoja sio hatari, ila ukiona inamiminika kila injini ikiwaka, umeshapata mkosaji.

Sasa dawa. Toa kadi, safisha ncha kwa ile spiriti ya IPA wanayotumia mafundi simu na kitambaa kisicho na manyoya. Msasa hapana, na raba ya penseli pia nakusihi usiitumie kwa nguvu, utamaliza dhahabu iliyobaki. Ukiona rangi ya kijivu imetokea chini ya dhahabu, kadi hiyo itumie ofisini, kwenye boti usiirudishe. Piga spiriti na kwenye sloti pia, kadi zako mbili ulizobadilisha zilikuwa zinaingia kwenye sloti ile ile chafu. Funga skrubu zote mbili na tone dogo la gundi ya skrubu, ile ya bluu inayofunguka kwa bisibisi. Halafu kitu ambacho watu wanakisahau kabisa: kadi za Ethaneti za Mini PCIe zina kebo inayotoka kwenye kadi kwenda kwenye matundu ya RJ45, yale ya waya wa mtandao, ukutani kwa boksi. Kebo ile ikining'inia, kila wimbi linaivuta kadi. Ifunge kwa zipu karibu na kadi, uiachie ulegevu kidogo.

Na boksi lenyewe litoe kwenye ukuta wa chumba cha injini kaka. Najua pale ndio karibu na umeme, ila pana mtikisiko na joto pamoja. Angalia kadi yenyewe imeandikwaje, za kawaida nyingi zinaishia nyuzi 70, za viwandani zinatoka hasi 40 mpaka 85. Ndani ya boksi lisilo na feni saa nane mchana, nyuzi 70 sio mbali.

Shikamoo fundi. Tuna vizimba vya sato upande wa Sengerema. Tunataka kamera nne za chini ya maji za kuhesabu na kuangalia samaki wanavyokula, zote ziingie kwenye kompyuta moja ya boksi. Muuzaji anasema kadi ya laini nne inatosha, sloti yetu imeandikwa x1. Inatosha kweli? – Msomaji, Sengerema

Marahaba. Inategemea kamera zinatuma nini. Laini ni matundu ya waya wa kamera, x1 ni leni moja ya kwenda kwenye kompyuta, na hapa tupige hesabu kabla hujatoa hela.

Kama ni kamera za kawaida za ulinzi, zile zinabana picha zenyewe ndani kabla ya kutuma, kila moja inatuma megabiti chache tu kwa sekunde, zote nne hata hazijazi kona ya leni moja. Nunua, lala usingizi.

Kama ni kamera zinazotuma picha mbichi bila kubana, na za kuhesabu samaki mara nyingi ndio hizo, hadithi ni nyingine. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, kila nukta baiti 2, mara picha 30 kwa sekunde, unapata kama megabaiti 124 kwa sekunde kwa kamera moja. Hiyo peke yake imemaliza waya wa gigabiti moja. Kamera nne ni karibu megabaiti 500. Sasa leni moja ya PCI Express kizazi cha kwanza, cha mwaka 2003, ni megabaiti 250, cha 2 ni 500, cha 3 ni karibu 985. Kizazi cha 2 kwa karatasi kinaonekana kinatosha kwa kugusagusa, ila kila pakiti inabeba na anwani na hesabu zake za kuhakikisha, kwa hiyo kwenye kazi halisi utapoteza picha, na hutojua umepoteza, utahesabu samaki pungufu na kuwalisha kwa hesabu hiyo.

Muulize muuzaji maswali mawili: sloti ni kizazi cha ngapi, na chipu ya kadi yenyewe ni kizazi cha ngapi. Njia inakwenda kwa spidi ya aliye mdogo kati yao. Kadi nyingi za laini nne zimetengenezwa kwa leni 4 za kizazi cha 2, ukiziweka kwenye sloti ya x1 iliyo wazi mwisho zinaingia na zinawaka, ila kwa robo ya uwezo. Sloti ikiwa imezibwa mwisho, tafadhali usiikate kwa kisu cha moto, nimeona mtu anafanya hivyo na meno yakaharibika. Kama boksi lenu lina x1 tu ya kizazi cha 2, mnaweza kushusha picha kuwa 15 kwa sekunde, sato akiwa anakula haendi kasi kihivyo, data inakuwa nusu na mnabaki na nafasi.

Na feni msiweke. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji, usiku mmoja wakifuata taa ya kizimba, asubuhi chujio la feni limegeuka kuwa mkate. Boksi la kupoza kwa mapezi ndio la huku.

Fundi nimenunua SSD (diski ya chipu) ya M.2 ya kompyuta ya mzani wa samaki pale Mwaloni, imeingia vizuri kabisa kwenye sloti lakini kompyuta haioni kitu. Mbovu? – Msomaji, Kirumba

Huenda ni nzima. M.2 ni umbo tu dada au kaka, sio lugha. Angalia ncha za SSD yako, kama ina mikato miwili, mmoja kila upande, mara nyingi hiyo inaongea SATA, lugha ya zamani ya diski. Sloti yenye kizuizi kimoja cha aina ya M inaipokea, ila kama mtengenezaji alipitisha PCI Express peke yake pale, hawataelewana hata mwaka mzima. Soma karatasi ya mazabodi, itafute neno SATA au NVMe (lugha ya diski inayopita PCI Express) mbele ya jina la sloti hiyo. Ugonjwa huu huu upo kwa Mini PCIe na mSATA (diski ndogo ya SATA), zote pini 52, sura moja, kazi mbili tofauti.

Na kama unaenda kubadilisha, chukua fupi, ile ya 2242, yani milimita 22 kwa 42, kama boksi lina kitundu chake cha skrubu. Ile ndefu ya milimita 80 imeshikwa na skrubu moja tu kule mwisho, katikati inacheza kama ubao wa kurukia, na mzani wenu unapigwa makreti kutwa nzima.

Nimeachiwa kompyuta ya zamani iliyotoka kwenye boti ya kupima kina, bodi tatu zimepandana moja juu ya nyingine, ndogo ndogo. Kijana wangu anasema ni takataka. Nitupe? – Msomaji, Capripoint

Usitupe mzee wangu, nakuomba. Kwa maelezo yako hiyo ni PC/104. Pima bodi moja, ukipata milimita 90 kwa 96 basi ndiyo. Kanuni zake zilitoka mwaka 1992, na jina linatokana na pini 104, 64 kwenye kiunganishi kimoja na 40 kwenye kingine, zinazopita bodi mpaka bodi. Hakuna sloti hapo, hakuna kadi iliyosimama kwa ukingo, ni pini imezama kwenye tundu linaloibana, na kona nne kuna nguzo zenye skrubu. Kwa mtikisiko mi sijaona kinachoishinda kwa urahisi.

Spidi yake ni ndogo kweli, kwa kamera haifai. Ila GPS na kipima kina vinavyoongea NMEA 0183, lugha ya vyombo vya majini, vinatuma biti 4,800 kwa sekunde, hata bodi hiyo inavingojea. Ukitaka kuzitenganisha vuta juu sawasawa pande zote, ukiinua upande mmoja pini zinapinda. Na ukitafuta bodi ya kuongeza usiangalie ukubwa peke yake, kuna PC/104-Plus yenye PCI, na tangu 2008 kuna PCI/104-Express, zote zina umbo lile lile lakini viunganishi vyake ni tofauti, ya Express tupu haitaongea na ya kwako.

Nimevuta USB mita 12 kutoka kwenye kisanduku cha vipimo vya injini mpaka kwa nahodha, inakata kila dakika. Nitafute kebo nene? – Msomaji, Mwanza Kusini

Hapana, hata nene ya namna gani. USB 2.0 imepangiwa mita 5, na plagi yenyewe haina cha kuifunga, inatoka kwa mtikisiko. Kwa umbali huo tumia CAN kama kisanduku kinayo, au RS-485, njia za kupitisha data zinazotumika kwenye magari na viwandani, zote mbili zinatumia waya jozi uliosokotwa na kelele za alteneta hazizisumbui sana, mita 12 kwao ni hapo na pale. Kwenye kompyuta unaongeza kadi ndogo ya CAN ya Mini PCIe, ukiifunga kwa skrubu zote mbili kama nilivyomwambia ndugu wa Igogo, na ukutani uweke plagi ya M12 ya kuzungusha. Weka kipinga (resista) cha ohm 120 kila mwisho wa waya, mbili tu, katikati usiweke. Ukimaliza zima umeme, pima kwa mita kati ya nyaya mbili za CAN, inatakiwa isome karibu ohm 60. Ikisoma 120 kuna mwisho mmoja umesahau, ikisoma 40 kuna mtu ameweka ya tatu.