Kabla Hujaponda Kiwavi wa Hariri

Wadogo zangu mliofika maabara hapa Kisumu, karibuni sana. Jana nimeona tena kiwavi mzima akitiwa kwenye kinu ili atolewe DNA ya kusomwa, tumbo limejaa majani ya mforsadi. Basi nawaandikia.

1. Msiponde kiwavi mzima. Kundi lililowatangulia lilifanya hivyo, likashangilia namba kubwa za spektrofotomita, mashine ya kupimia wingi wa DNA, na jeli ya kuikagua ikatoa mstari safi. Mashine inapima DNA tu, haijui ni ya nani. Majibu ya kusomwa kwa DNA yaliporudi, sehemu kubwa ilikuwa ya mforsadi na bakteria wa utumbo. Pesa za mradi zilikuwa zimekwisha. Binti mmoja aliyeitegemea data ile kwa tasnifu alilia kwenye ngazi, nami niliumia naye, kwa sababu alikuwa amewalea wale viwavi kwa mkono wake, usiku na mchana. Pasueni mgongo ndani ya maji ya chumvi, mtoe tezi za hariri: mirija miwili inayong'aa, iliyojikunja upande huu na huu. Seli zake huzidisha DNA mara nyingi bila kugawanyika, kwa hiyo tezi ya kiwavi mmoja inatosha.

2. Andikeni jinsia kwenye kichupa. Kwa kromosomu za jinsia, dume ni ZZ, jike ni ZW. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kinachomfanya nondo huyu awe jike ni RNA (nakala ya DNA) ndogo mno itokayo kwenye kromosomu W. Ukisoma DNA ya madume matupu, hutaiona kamwe.

3. Stima ikipotea, friza isifunguliwe.

4. Mnaniuliza: kwa nini hariri, na mahindi ya Busia yanaliwa na viwavijeshi? Swali zuri. Jenomu, yaani DNA yote, ya nondo wa hariri ilitangulia kusomwa katika ukoo mzima wa nondo na vipepeo: Japani na China zilitoa rasimu zao mwaka 2004, zikaunganishwa 2008, kromosomu jozi 28. Kiwavijeshi na kiwavi anayetoboa mabua ni ndugu zake, na jeni zao nyingi tunazitambua kwa kuzilinganisha na zake. Mwaka 2012 ilibainika kwamba asidi amino moja tu iliyoongezeka kwenye protini ya jeni iitwayo ABCC2 humwezesha kiwavi wa hariri kuhimili sumu ya Bt, bakteria anayeua viwavi. Jeni hiyohiyo imekutwa imeharibika kwa viwavijeshi wa Puerto Rico walioshinda mahindi ya Bt, yaani yaliyopandikizwa jeni ya sumu hiyo. Kwa hiyo mkipata data ya viwavi wa Busia, anzeni na ABCC2.